Usizime Mpaka Nyumbani

Kisiki kilikuwa kimejificha kwenye nyasi kavu, kifupi, kigumu, cheupe kama mfupa. Thuwaiba alikisikia kabla hajakiona: chuma kilichanika chini ya miguu yake, pikapu ikaruka upande, na harufu ya petroli ikaingia dirishani hata kabla ya vumbi. Mjomba wake Yakoub alizima injini, akashuka, akajilaza chali mchangani kana kwamba ana miaka ishirini na si sitini na kitu.

"Tangi," alisema kutoka chini ya gari. "Limechanika ubavuni. Lete mpira. Na dumu."

"Dumu lina maji, mjomba."

"Mwaga."

Thuwaiba alisimama na dumu mikononi. Mbele yao njia ilishuka kwenye korongo kavu, na ng'ambo ya korongo nyika ikaendelea, miiba mitupu, mpaka macho yachoke. "Ndiyo maji tuliyobaki nayo."

"Bila petroli utayanywea hapahapa mpaka yaishe. Mwaga, mwanangu, inakwenda hii."

Alijaza galoni ndogo ya chai, akanywa mafunda mawili, mengine akayamwaga. Mchanga uliyameza papo hapo, hata doa halikukaa.

Yakoub alitumbukiza mpira tangini, ncha ya pili akaitia mdomoni, akavuta. Ndivyo alivyovuta tangu utoto wake wa gereji, na ndivyo wanavyovuta mafundi wenzake wote: mdomo ndio pampu. Unavuta, unasikia ubaridi unakuja, unatoa mpira, unatema, kazi imekwisha. Yeye mwenyewe alijisifu kwamba kwa ladha tu anajua petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Lakini leo tangi lilikuwa limepungua na gari limelala upande. Mpira ulivuta hewa, ukavuta hewa tena, akavuta kwa kifua kizima, na petroli ikaja yote kwa pamoja. Ikampalia.

Alikohoa mpaka akapiga magoti mchangani. Thuwaiba alimpiga mgongoni kwa kiganja. Alipopata pumzi aliuokota mpira, akaufuta kwenye shati, akavuta tena. Safari hii ilitoka vizuri, ikaingia dumuni ikiimba.

Kisha akaenda nyuma ya kichaka, akatia vidole kooni, akajitapisha, kama afanyavyo fundi yeyote aliyemeza. Akarudi na macho mekundu, anatabasamu.

"Ningepata maziwa," alisema. "Nikifika kwa Mwanaasha nakunywa jagi zima, na kelele zake juu."

Mwanaasha alikuwa mkewe, na maziwa ndiyo dawa yake ya petroli. Thuwaiba alicheka. Mambo hayo walikuwa wameyazoea wote wawili.

Mtaani kwao Ngamiani, mjini Tanga, pikapu yao, ile Pijo 404, iliitwa Sukuma Twende. Stata yake ilikufa zamani. Spea ya kweli haikupatikana, na zile za kuigiza Yakoub alizikataa kama mtu anayesukuma sahani ya chakula kilicholala. Basi kila asubuhi wauza kahawa, mafundi baiskeli na wapita njia waliweka mikono nyuma ya bodi wakalisukuma mpaka lishtuke. "Mzee Yakoub, gari lako lina nguvu za watu sita," Sele, muuza kahawa, alikuwa akimwambia. Yakoub alijibu kutoka dirishani, "Na nyinyi ndio hao sita. Sukumeni." Hakuna aliyekataa, maana hakuna ambaye Pijo haikumbebea kitu: samaki kutoka Kigombe, magodoro ya maharusi, majeneza ya nusu ya mtaa mpaka makaburini.

Yakoub alikuwa mfungaji wa spea, Thuwaiba mtafutaji. Ni Thuwaiba aliyejua kwamba kuna kabureta nzima imelala kwa mjane mmoja Lushoto, na kwamba taa za mbele zisizo na ufa ziko stoo ya kanisa Muheza. Alitafuta kwa simu, kwa kuuliza, kwa kuingia nyuma ya nyumba za watu na kuinua mabati. Kilichomshinda ni rejeta, ile ya kupoza injini kwa maji. Ile ya kwao ilikuwa imelehemiwa mpaka imebaki lehemu tupu, na kila safari ilivuja zaidi. Halafu siku moja dereva wa malori ya mawe akamtumia picha: Pijo mfu katika kambi iliyohamwa na wachimba vito, ng'ambo ya Mwakijembe, na kuku wamekaa ndani kama abiria.

"Twende," Yakoub alisema siku hiyohiyo.

Walimkuta mlinzi wa kambi, mzee wa Kishambaa aitwaye Timotheo. Thuwaiba alimwamkia shikamoo, akaeleza haja yao. Mzee aliwatoa kuku mmoja mmoja, kwa majina. "Chukueni hiyo rejeta," alisema. "Milango niachieni, hawa hawana pengine pa kulala." Rejeta ilitoka nzima, nzito, bila kutu. Thuwaiba alitaka ifungwe palepale. Yakoub hakutaka hata kusikia: spea ya zamani haifungwi kabla ya kuoshwa, kujazwa na kupimwa siku nzima juu ya meza ya gereji. Alikuwa akifanya kazi hivyo tangu ujana wake. Aliifunga kwa shuka kama mtoto, akailaza nyuma.

"Rudini kwa njia ya mto," Timotheo aliwaasa. "Ile ya mkato imeachwa tangu mvua ilipokata daraja. Hapiti mtu."

Walikubali. Lakini rejeta kuukuu ilikunywa dumu zima la maji kati ya mawili kabla hawajafika njia panda, na Yakoub akaitazama ile njia fupi, akautazama mshale wa joto, akakata kona.

Sasa alikuwa akilipaka tangi sabuni ya mche. Aliikanda kwa mate na vumbi mpaka ikawa kama unga wa maandazi, akaishindilia kwenye ufa, na petroli ikaacha kudondoka. Walirudisha ile ya dumuni. Kazi safi. Lakini alipotambaa kutoka chini ya gari hakuweza kusimama mara moja. Aliegemea gurudumu, na kila pumzi ilitoka na mlio mwembamba, kama mpira wenye tundu la sindano.

"Mjomba."

"Itapita. Moshi wake tu." Alikohoa, akafuta mdomo, akakificha kiganja. Thuwaiba alikwisha kuona povu la rangi ya waridi.

Hapakuwa na mtandao. Alipanda juu ya paa la gari, akanyoosha simu angani, akaizungusha pande zote. Hakupata kitu. Mto Umba ulikuwa nyuma yao, nusu siku kwa miguu kwenda tu, na kinyesi cha tembo kilichozagaa njiani kilikuwa bado kibichi. Barabara ya lami ya Horohoro ilikuwa mbele, mbali zaidi. Kwa miguu angefika mmoja, tena si Yakoub.

"Hesabu ni rahisi," Yakoub alisema, macho yamefumbwa. "Rejeta yetu inavuja, na maji tuliyobaki nayo ni galoni. Tukienda na ile, tunaua injini kabla ya kilima cha kwanza. Funga mpya."

"Haijapimwa."

"Usinicheke, Thuwaiba."

Alifunga yeye, mjomba akielekeza kutoka kivulini, neno moja kwa kila pumzi. Spana kumi na tatu. Klipu ya chini kwanza. Alifungua koki ya rejeta kuukuu, akakinga sufuria ya chai, akapata maji mekundu ya kutu yaliyofika nusu. Feni ilimchana vidole. Jua lilihama, kivuli kikahama, akamhamisha na mjomba wake. Mara ya pili kumhamisha alimkuta anachemka kwa homa, na midomo imeanza kugeuka rangi.

Alipomaliza, giza lilikuwa limeingia na korongo lisingeonekana. Usiku ule haukuwa na lolote ila kikohozi. Mara moja kitu kikubwa kilivunja matawi karibu nao, kikasimama kusikiliza, kikaondoka.

Kulipopambazuka Thuwaiba alifungua kifuniko cha rejeta, akamimina maji ya kutu. Kisha akaichukua galoni. Alimimina kidogo kwenye kikombe, akampelekea.

"Kunywa."

Yakoub alitazama kikombe. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na damu imekauka kwenye mipasuko. "Imejaa?" aliuliza.

"Bado kidogo. Kikombe hiki hakitaiua."

"Hilo Pijo ndiyo inayojua, si wewe." Aliinuka kwa kushikilia mlango, akatembea hatua zile chache akijisaidia na bodi, akakimimina kikombe ndani ya rejeta mpaka tone la mwisho. Akafunga kifuniko mwenyewe. Thuwaiba aligeuza uso. Alitaka kumkasirikia, hakupata mahali pa kuishika ile hasira.

Ikabaki kuwasha. Gari lilikuwa kwenye tambarare, na mteremko wa korongo ulianza mbele kidogo, mahali ambapo mtaani kwao watu sita wangelifikisha wakipiga soga. Walikuwa wawili, na mmoja hajiwezi.

"Mteremko mmoja, nafasi moja," Yakoub alisema. "Gia ya pili. Usiachie klachi mapema. Likishika, usizime. Hata ukisimama kukojoa, usizime."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nyumbani."

Alimketisha kwenye kiti cha abiria, akafungua mlango wa dereva, mkono mmoja usukani, bega kwenye nguzo ya mlango, akasukuma. Magurudumu yalikuwa yamezama. Alichimba mchanga kwa mikono, akatandika matawi, akasukuma tena mpaka akaona nyota mchana. Gari liliyumba mbele, likarudi. Likayumba, likarudi. Mara ya tatu lilikuwa jepesi. Alitazama ndani: kiti cha abiria kilikuwa kitupu, na kwenye kioo, nyuma ya bodi, aliona kofia ya mjomba wake, paji la uso limegandamizwa kwenye bati, mikono imenyooka.

"Mjomba, rudi ndani."

"Sukuma."

Pijo ikatoka. Ikapata mteremko, ikaanza kukimbia, Thuwaiba akarukia ndani na unyayo mmoja ukikokotwa chini. Gia ya pili. Akangoja, akangoja, chini ya korongo ikimjia mbio, kisha akaachia klachi. Injini ikapiga chafya, ikakataa, ikapiga chafya tena. Ikashika. Akaikanyagia mafuta, ikapanda ukingo wa pili ikilia kwa gia ya kwanza, akasimama juu kabisa, akaweka jiwe chini ya gurudumu, akaiacha inaunguruma, akarudi mbio.

Yakoub alikuwa amelifuata mpaka katikati ya korongo, ameketi, miguu imenyooshwa, kofia mapajani. Alikuwa akisikiliza.

"Umesikia?" alisema. "Haina hata kwikwi."

Alimbeba mgongoni kama wanavyobebwa watoto. Hakuwa mzito. Hilo ndilo lililomtisha kuliko kikohozi.

Waliendesha asubuhi nzima. Njia ilipotea vichakani, ikapatikana, ikapotea. Mwiba ulimchana Thuwaiba shavuni kupitia dirishani, hakujifuta. Jicho moja lilikuwa njiani, moja kwenye mshale wa joto. Yakoub aliegemeza kichwa mlangoni, na kila walipopita mtaro alishikilia kifua kwa mikono yote miwili kana kwamba anazuia kitu kisimwagike.

"Haichemki?" aliuliza.

"Haichemki. Mshale uko katikati."

"Spea nzuri ile." Akapumzika. "Mzee wa kuku mpelekee sukari. Na majani ya chai."

"Tutampelekea wote."

Yakoub aliegemeza tena kichwa mlangoni. Baada ya muda alisema, "Nikohoe kidogo, simama," na Thuwaiba akasimamisha gari likiunguruma. Hakukohoa. Alifungua mdomo kutafuta hewa, akaitafuta tena, na macho yakahamia kwenye uso wa mpwa wake, yakabaki hapo yakimtazama kama anayengoja kupewa kitu.

Thuwaiba alijua ni kitu gani. Alikuwapo bibi yake alipokata roho, akaona kina mama wakichovya pamba kwenye bilauri na kumlowesha midomo, ili asiondoke duniani na kiu. Aligeukia galoni. Tupu. Sufuria, tupu. Kikombe kilinuka kutu. Maji yote waliyokuwa nayo yalikuwa mbele yake, chini ya boneti, yakizunguka kwenye injini yakiwa ya moto. Alitia kidole mdomoni mwake mwenyewe akitafuta unyevu, ulimi ukamkwaruza kidole kama bati. Hata hivyo alikipitisha kwenye midomo ya mjomba wake, kikavu vile vile, akainama sikioni, akamtamkia shahada taratibu, neno kwa neno. Midomo ilimfuata. Ilimfuata mpaka karibu na mwisho.

Injini iliendelea kunguruma, sawasawa, bila kwikwi.

Alimfumba macho. Alimfunga kidevu kwa mtandio wake, akamkaza na mkanda ili asianguke, akaweka gia. Alikuwa akilia lakini hapakuwa na machozi, mwili haukuwa nayo ya kutoa.

Hakuendesha hata muda wa kupika wali. Nyuma ya kilima kidogo aliwakuta punda wanne wamebeba madumu ya maji, na mwanamke mrefu mwenye fimbo akiwafuata. Mwanamke aliliona gari, akamwona aliyefungwa kidevu, akaitupa fimbo.

"Dada, mmetoka upande ule? Hakuna njia upande ule."

"Naomba maji," Thuwaiba alisema.

Mwanamke, aliyeitwa Ritha, alifungua dumu na kumjazia kibuyu. Alitarajia anywe. Thuwaiba alizunguka upande wa pili, akachovya pembe ya khanga, akamlowesha mjomba wake midomo, mara tatu, polepole, na maji yakateleza kidevuni, yakaingia kwenye mtandio. Kisha ndipo alipokunywa yeye. Ritha alimshika mgongo wakati wote. Alipomaliza, Ritha aliwaacha punda wake kwa jirani mmoja aliyekuwa akichunga karibu, akapanda nyuma ya bodi, akamwonyesha njia mpaka kwenye lami.

Kwenye zahanati karibu na Horohoro muuguzi aliyeitwa Leticia alimpima marehemu gari likiwa mlangoni. Alisikiliza habari yote. Alipofika kwenye mpira na vidole vya kooni alitikisa kichwa.

"Aliyomeza tumboni ingepita," alisema. "Hii iliingia kifuani. Na alipojitapisha, ikaingia tena."

"Mafundi wote wanajitapisha."

"Najua, dada yangu. Wengine huletwa hapa." Aliandika karatasi yake, kisha akatazama nje. "Zima gari basi. Moshi unaingia kwa wagonjwa."

"Nitalisogeza," Thuwaiba alisema. "Kuzima siwezi. Ameniambia mpaka nyumbani."

Leticia akaenda kufunga madirisha.

Simu ilikuwa imepata mtandao. Alimpigia Mwanaasha. Alikuwa amepanga maneno tangu kwa Ritha, yakapotea yote, alichoweza kusema ni, "Shangazi, tunakuja," na Mwanaasha, kwa kusikia sauti ile, akauliza, "Wangapi?"

Walimlaza nyuma, kwenye shuka ileile iliyokuwa imefunga rejeta, na wanaume wawili wa Horohoro wakaketi ubavuni pake kumshikilia. Mshale wa joto ulibaki katikati mpaka Tanga.

Ngamiani walikuwa wamekwisha kusikia. Watu walijaa pande zote za barabara, kofia na kanzu, na wengine na nguo za kazi zenye grisi. Thuwaiba alifika kwenye kichwa cha mtaa. Kutoka hapo nyumba ya mjomba wake ilionekana, viti vimekwisha kupangwa nje. Alisimama. Mkono ulikaa juu ya ufunguo kwa muda mrefu.

Alizima.

Hakuwahi kujua mtaa ule unaweza kuwa kimya kiasi kile. Chini ya boneti maji yaligugumia mara moja, yakatulia.

Sele, muuza kahawa, ndiye aliyetangulia kuja. Aliweka birika lake chini, akaenda nyuma ya bodi, akapanga mikono mahali pake pa kila siku. "Tupo, mzee," alisema. Wakaja wa pili na wa tatu. Wakaja mafundi baiskeli, waliobebewa magodoro, na waliobebewa baba zao. Wasiopata nafasi nyuma walishika ubavu, walishika milango, walishika taa. Wakalisukuma kwa mwendo wa jeneza, wakipokezana, aliye mbele akitoka, aliye nyuma akiingia, ili kila mtu apate japo kuligusa.

Thuwaiba alishika usukani. Karibu na msikiti barabara inashuka kidogo, na gari likaanza kuteleza lenyewe kama linavyoteleza kila asubuhi. Mguu wake, kwa mazoea, ukatafuta klachi.

Akauondoa, akawaacha watu wasukume.